Sababu ya Ziara

"Jina?"

"Erasto, mwanangu, jina langu si unalijua?"

"Mimi nalijua, bibi. Kitabu ndicho hakilijui."

Bi Asha alishika nguzo ya geti kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaishika kanga yake kiunoni. Alikuwa na miaka sabini na kitu, na asubuhi ile alikuwa na haraka ya aina ambayo mtu haielezi mbele za watu. Nyuma yake alisimama mkamwana wake, Tabu, na kopo la maji mkononi.

"Andika Asha Shafii, ufanye haraka baba," alisema Tabu.

"Sababu ya ziara?"

Wanawake wote wawili walimtazama. Erasto alikuwa mtu mzima wa Singida, mpole, mwenye wajukuu wawili, na swali hilo lilimtesa kila siku. Lakini kitabu cha wageni kilikuwa na safu yake, na katika safu hiyo maneno ya kuchagua yalikuwa mawili tu: Kikazi na Binafsi. "Binafsi," alijijibu mwenyewe, akaandika. Akaandika na saa. Kisha akachukua helmeti ya njano na kizibao chenye mistari ya kung'aa, maana hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga ndani ya yadi bila vitu hivyo, akaanza kumvisha bibi juu ya ushungi.

Yadi ilikuwa ya mkandarasi wa barabara. Aliikodi kwa jirani yao Ismaili, aliyehamia Mikindani, apate pa kurundika kokoto na kulaza magreda. Mpimaji alikuja na mashine yake ya miguu mitatu, akachungulia, na uzio wa mabati ukafuata kule alikochungulia. Ulipita katikati ya ua wa kina Tabu. Nyumba ikabaki upande huu, choo kikabaki upande ule. Kutoka mlango wa nyuma hadi mlango wa choo zilikuwa hatua kumi na moja. Sasa walitoka kwa mlango wa mbele, wakafuata barabara ya Msimbati, wakazunguka kona, wakajiandikisha, wakavaa, ndipo wakakatiza katikati ya vifusi na mitambo hadi kwenye choo chao wenyewe. Geti lilifungwa saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo ilikuwa ndoo.

Kuchimba kingine hawakuweza. Nyumba na choo vilipigwa X nyekundu miaka mitatu nyuma, barabara ilipotajwa kupanuliwa, na mtendaji wa kijiji alishawasomea barua: penye X hapajengwi, hapabomolewi, hapachimbwi, mpaka wathamini wa fidia warudi. Wathamini walikuwa hawajarudi.

Mkanda wa helmeti ulikataa kufunga. Erasto aliinama, akavuta, akaomba radhi, akavuta tena. Ghafla Bi Asha akatulia. Haraka yote ilimtoka, macho akayaelekeza mbali, kwenye minazi ya upande wa pili wa barabara.

Erasto hakuelewa. Tabu alielewa. Alilimwaga kopo lote la maji, nusu kwenye gauni lake na nusu kwenye kanga ya mkwewe, akapiga kelele: "Masikini mimi! Mama, nisamehe, nimekulowanisha mzima mzima!"

Mafundi waliokuwa wakinywa chai kando ya greda waligeuka, wakaona wanawake wawili walioloa maji, wakacheka kidogo, wakarudia vikombe vyao.

"Mvue helmeti," Tabu alimwambia Erasto kwa sauti ya chini. "Tunarudi nyumbani."

Hapo ndipo Erasto alipoelewa. Kitabuni saa ya kuingia ilikwisha andikwa. Saa ya kutoka aliiacha wazi, kwa kuwa hakujua aandike nini.

Bi Asha alipofika mlangoni alisema maneno mawili: "Ayubu asijue." Ayubu alikuwa mwanawe, mume wa Tabu, fundi mwashi. Choo kile alikijenga kwa mikono yake: tofali za saruji, sinki la kuchuchumaa, bomba la kutolea hewa lililopita juu ya bati. Watu wa afya walipokuja kijijini walikipiga picha.

"Hatajua mtu, mama," alisema Tabu.

Jesca alifika wiki hiyohiyo kwa bodaboda, na begi la magurudumu ambayo mchangani yaligoma kuzunguka. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kimoja cha Dar es Salaam, na somo lililomleta liliitwa Sheria ya Kimataifa ya Haki za Binadamu: Nadharia na Vitendo. Nadharia walikwisha kuimaliza Dar. Vitendo vililetwa Mtwara. Wenzake walilala gesti ya Chuno, mjini. Yeye alipangiwa kukaa wiki moja na kaya iliyoathirika.

"Kaya iliyoathirika ndiyo sisi?" aliuliza Ayubu.

"Ndiyo, baba. Mmechaguliwa kati ya kaya kumi na sita."

Ayubu alijaribu kuficha furaha, ikamshinda. Maishani mwake alikuwa hajachaguliwa kitu chochote. Akamtandikia mgeni jamvi jipya, akaketi naye barazani, akamweleza habari ya uzio tangu siku ya mashine ya miguu mitatu, na Jesca akaandika kila kitu. Mwisho Jesca akasema kwamba Jumamosi kutakuwa na mahakama ya mfano, pale shule ya msingi, na kesi itakayosikilizwa ni yao.

"Mahakama ya mfano," Ayubu alirudia polepole.

Kesho yake kijiji kizima kilikuwa na habari. Ayubu alisimama kwenye kijiwe cha kahawa akawaeleza wenzake kwamba hizi mahakama za kawaida, za kuahirisha na kuahirisha, hana haja nazo. Inakuja ya mfano. Ya kuigwa na nyingine zote. Alimpigia simu mjomba wake kule Mahurunga aje na watu wake. Kanzu aliyoolea aliitoa sandukuni akaipeleka kupigwa pasi.

Tabu alimuuliza Jesca jikoni, wakimenya mihogo. "Mwanangu, hiyo mahakama ikishaamua, uzio unatoka?"

Jesca alikiacha kisu. "Hapana, mama. Ni ya kujifunzia. Wanafunzi tunatetea, mwalimu anatupa alama."

"Na yeye ameshawaita watu wa Mahurunga."

"Nimwambie?"

Tabu alisikia mlio wa mluzi kutoka uani. Ayubu alikuwa akipaka viatu rangi. Mara ya mwisho kumsikia akipiga mluzi ilikuwa kabla ya uzio. "Mwache kwanza," alisema. Na kwa kuwa alisema hivyo Jumatano, na Alhamisi akasema hivyohivyo, Ijumaa ikamkuta hana namna ya kuanza.

Ijumaa yenyewe Jesca alirudi kutoka Chuno macho yamevimba. Walikuwa wamepiga kura ya pande za kesi.

"Nimeangukia upande wa serikali, mama. Kesho lazima niwapinge nyinyi. Ni asilimia arobaini ya alama zangu zote."

Tabu alimtazama mtoto wa watu, akamwongezea mchuzi. "Basi kula. Utatupingaje na njaa?"

Jumamosi darasa la sita lilijaa mpaka madirishani. Mbele, kwenye meza ya mwalimu, alikaa Daktari Lukasi, mhadhiri wao, ndani ya joho jeusi lililokuwa likimpika akiwa hai. Pembeni yake kulikuwa na wanafunzi wawili waliokuwa majaji, na pembeni zaidi, kwenye kiti chenye kitambaa, mgeni mwalikwa: Bwana Godfrey, msimamizi wa yadi. Erasto alisimama mlangoni na kitabu chake cha wageni kwapani, kama alivyoagizwa. Bi Asha, katika kanga mpya, alikaa safu ya mbele kabisa. Ayubu alikaa karibu yake na mjomba wa Mahurunga, kanzu imemnyooka kama bati.

Kijana aliyewatetea aliitwa Elisha. Alisema vizuri. Alitaja Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni, akasema dola ina wajibu wa aina tatu, kuheshimu, kulinda na kutimiza, na kwamba choo si choo tu, ni staha ya mwanadamu. Ayubu aliitikia kila sentensi kwa kichwa. Mjomba wa Mahurunga aliuliza kwa sauti kama huyu kijana ameoa.

Kisha akasimama Jesca.

"Waheshimiwa majaji, upande wetu haubishi kwamba choo ni mali ya walalamikaji. Haubishi kwamba wanakihitaji. Swali ni moja: je, walizuiwa kukifikia? Naomba kuwasilisha kielelezo namba moja." Erasto alileta kitabu. "Katika siku arobaini, kaya hii ya watu watatu imeingia kwenye yadi mara mia nne sitini na sita. Haikukataliwa hata mara moja. Kwa mfano tu: tarehe tisa, Ayubu Shafii. Saa moja kasoro robo. Saa moja na robo. Saa mbili kasoro dakika kumi. Saa mbili na nusu..."

"Pingamizi!" Elisha aliruka. "Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ibara ya kumi na saba! Faragha ya mtu!"

Daktari Lukasi alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Pingamizi zuri sana. Alama mbili." Akaandika. "Endelea kusoma."

Jesca akaendelea. Tarehe tisa Ayubu aliingia mara kumi na moja. Madirishani watu walianza kuhesabu pamoja naye, na alipofika ya nane mtu mmoja akasema, "Hiyo ilikuwa ya yule pweza wa arusi," darasa zima likaangua kicheko. Ayubu hakucheka. Alitazama mbele, shingo imekakamaa juu ya ukosi wa kanzu, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Mara kumi na moja kwa siku moja," alimalizia Jesca bila kuinua macho. "Nchi gani duniani raia wake ana fursa kubwa kuliko hii?"

Wakamwita Tabu.

"Shahidi, tueleze," alianza Elisha. "Tabu ni nini?"

"Tabu ni mimi."

Kicheko tena. Daktari Lukasi akagonga meza kwa kifutio cha ubao. Elisha alisogea karibu na shahidi wake. Jana yake alikuwa amezungumza na Erasto getini, na Erasto, kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema uongo, alimweleza jambo fulani. Hilo ndilo Elisha alikuwa amelitunza kwa ajili ya saa hii.

"Mama, Jumatatu ya wiki hii, saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, kitabu kinaonyesha mtu wa kaya yako ameandikwa kuingia. Hakuna saa ya kutoka. Ilitokea nini pale getini?"

Erasto aliinamisha kichwa. Tabu hakuhitaji kugeuka ili ajue mama mkwe wake amekaa vipi. Alimwona kwa pembe ya jicho, mikono miwili juu ya mapaja, kanga mpya ikiwa bado na mikunjo ya dukani.

"Nilimwaga maji," alisema Tabu.

"Kabla ya kumwaga maji."

"Kabla ya kumwaga nilikuwa nimeyashika."

Elisha akainama, akanong'ona, ingawa safu tatu za mbele zilimsikia. "Mama, sema tu. Hapo ndipo kesi ilipo. Ukisema hilo tumeshinda."

Tabu alimtazama. Alimwona mtoto mzuri, msafi, mwenye tai, asiye na ubaya wowote. "Nimesema nilimwaga maji," alirudia. "Kama kuna swali lingine, uliza."

Elisha akarudi kukaa. Jaji mmoja mwanafunzi, aliyekuwa hajapata alama hata moja, aliona aulize chochote. "Shahidi, hicho choo kinatumiwa na watu wangapi?"

"Sisi watatu, na Jesca wanne. Na wafanyakazi wa yadi kumi na tisa."

"Wa yadi?"

"Yadi haina choo, mheshimiwa. Wanatumia chetu. Maji na sabuni natia mimi."

Bwana Godfrey alikohoa. Daktari Lukasi alipekuapekua karatasi zake, akatikisa kichwa. "Jambo hilo halimo kwenye hati ya madai. Lifutwe kwenye kumbukumbu." Likafutwa.

Jopo lilitoka nje chini ya mnazi kwa dakika kumi, likarudi. Madai yakatupwa. Daktari Lukasi alisoma kwamba mlalamikiwa amethibitisha kwa maandishi kuwa huduma inafikika, na mlalamikaji ameshindwa kuonyesha madhara yoyote. Alimpongeza mwanafunzi Jesca kwa matumizi ya vielelezo. Wanafunzi wakapiga makofi. Bwana Godfrey naye akapiga.

Ayubu akasimama. "Mheshimiwa, nimesikia. Rufaa naikatia wapi?"

"Mzee wangu, hii ni mahakama ya mfano."

"Ndiyo, mheshimiwa. Ndiyo maana nauliza kwa heshima."

Daktari Lukasi alianza kukusanya karatasi zake. Ikabidi Elisha aseme. "Ya kujifunzia, baba. Ya kuigiza. Hata tungeshinda, uzio usingetoka."

Ayubu akageuka amtazame mkewe, na katika uso wa mkewe akaona kila kitu isipokuwa mshangao.

Jumapili nzima hakusema naye. Alfajiri ya Jumatatu alichukua panga akaenda shambani kwenye mikorosho, ambako hapakuwa na kazi yoyote ya kufanya msimu ule.

Jesca alikuwa anafunga begi. Alikuwa na alama za juu kuliko wote na sura ya mtu aliyeiba. "Mama, nisamehe. Kile kitabu..."

"Hebu nielekeze," Tabu alimkatiza. "Kwa hiyo kilichotushinda ni kitabu?"

"Ushahidi wa maandishi, mama. Nyinyi mlikuwa na maneno, sisi tulikuwa na kitabu."

"Na ulisema pale mbele kwamba choo ni chetu. Nilikusikia."

"Hilo hatukulibishia."

"Hata Godfrey hakubisha. Alikuwa amekaa palepale." Tabu alifikiri. "Nikopeshe daftari moja, na hiyo rula."

Saa moja asubuhi alikuwa getini na Bi Asha, kigoda, daftari lililopigwa mistari na kufuli jipya la mlangoni.

"Sababu ya ziara?" aliuliza Erasto kwa mazoea.

"Kikazi," alisema Tabu.

Erasto aliinua kichwa. Akatazama kigoda. Akatazama daftari. Kisha, polepole, kwa mwandiko mzuri kuliko wa siku zote, akaandika Kikazi, akawavisha helmeti, na safari hii mkanda ulifunga kwa mara moja.

Walikaa mbele ya mlango wa choo. Fundi wa kwanza alipofika, Tabu alimuuliza jina. Akacheka. Tabu hakumfungulia. Fundi akasema jina. Sababu ya ziara? Fundi akaangalia huku na huku, akasema ni binafsi. Saa ikaandikwa. Ndipo Bi Asha akanyoosha kidole.

"Helmeti vua. Na hayo mabuti ya lami. Choo hiki mimi natawadhia. Ndala hizi hapa."

Ndala zilikuwa jozi moja. Na kanuni za yadi, zilizobandikwa kwenye kila ukuta, zilisema ni marufuku kuvua helmeti au mabuti mahali popote ndani ya uzio. Fundi alisimama kati ya amri mbili, miguu ikibanana. Nyuma yake alikuja wa pili, na wa tatu. Kufikia saa tatu foleni ilikuwa ya watu saba, greda lilikuwa limezimwa, na Bwana Godfrey alikuwa anakuja mbio kwa sababu siku hiyo ndiyo siku aliyokuwa anakuja mkaguzi wa usalama.

"Mama Tabu, tafadhali. Haya tutayazungumza ofisini."

"Jina?" alisema Tabu.

"Mama, unanijua."

"Mimi nakujua."

Mkaguzi alikuwa ameshashuka kwenye gari. Aliitwa Magreth, mwanamke mnene mwenye ubao wa kuandikia, na alikuwa amesafiri tangu alfajiri. Alipita kwenye foleni moja kwa moja, si kwa ukaguzi. Tabu akamuuliza jina, akayataja yote matatu. Akamuuliza sababu ya ziara.

"Ukaguzi," alisema Magreth. Kisha akasogea karibu. "Na binafsi."

Bi Asha akazionyesha ndala. Magreth alitazama bango la kanuni lenye sahihi yake mwenyewe chini, akatazama ndala, akatazama mlango. Akavua helmeti. Akavua na mabuti.

Alipotoka alikuwa mtu mwingine, na kalamu mkononi. "Bwana Godfrey. Kwenye taarifa yako umeandika yadi ina choo cha wafanyakazi. Hiki ni cha nani?"

"Ni... ni cha mama huyu."

"Ndani ya yadi yako kuna jengo la mtu binafsi, na raia wanaingia kati ya mitambo kulifuata? Jengo hili liondoke leo."

Hilo Tabu hakulifikiria. Miaka ya Ayubu, tofali moja moja, na yeye ndiye aliyewaletea nyundo. Bwana Godfrey alikwisha kumwita dereva wa greda. Dereva akaliwasha, akalisogeza hatua chache, akalizima tena, akashuka kuchunguza ukuta.

"Bosi, hii ina X."

Wote wakaja kuitazama. Ilikuwepo, nyekundu, imefifia kidogo. Bwana Godfrey alipiga simu tatu. Kila aliyepokea alimsomea barua ileile ambayo mtendaji aliwasomea kina Tabu: penye X hapabomolewi mpaka wathamini warudi. Wathamini watarudi lini? Hakuna aliyejua.

Magreth aliangalia saa yake. "Uzio una X?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi sogeza uzio."

Nguzo kumi na mbili ziling'olewa kabla ya adhuhuri. Mabati yakapindishwa nyuma ya choo. Kitu ambacho mkataba wa kimataifa haukukiweza kilifanywa na vibarua wanne waliokuwa na shida ya haja ndogo. Jioni lori likaleta kibanda cha plastiki cha buluu kutoka mjini, na Erasto akaambiwa kitabu kiwe cha magari tu. Bi Asha alitoka kwa mlango wa nyuma, ushungi tu kichwani, akazitembea hatua zake kumi na moja taratibu sana, akazirudi, akazitembea tena bila haja yoyote.

Ayubu alirudi jua linazama, akasimama uani na panga lake.

"Nani ameamua?"

"Hakuna aliyeamua," alisema Tabu. "Wamesogeza."

"Wamesema walikosea?"

"Wamesema ni marekebisho."

Ayubu aliugusa ukuta wa choo, mahali pa X. "Kwa hiyo kesi bado tumeshindwa." Kisha, bila kumtazama, "Ulijua ni ya kuigiza. Ukaniacha nivae kanzu."

"Nilijua."

"Na pale mbele yule kijana alikuuliza jambo, ukamjibu maji, maji. Wewe hukosi la kusema. Kwa nini?"

Bi Asha, aliyekuwa ameketi kizingitini, ndiye aliyejibu. "Ayubu. Mkeo alinyamaza kwa ajili yangu. Usiulize zaidi ya hapo."

Ayubu alimtazama mama yake, kisha mkewe, kisha gauni la mkewe, ambalo wiki ile alikuta limeanikwa siku isiyokuwa ya kufua. Akaliweka panga chini. Hakuuliza. Usiku ule alikula chakula chake chote, akasema pilipili imekaa vizuri.

Jesca aliondoka kesho yake. Kwenye ripoti yake, baadaye alimweleza Tabu kwa simu, kulikuwa na sehemu ya kuandika ni ibara gani ya mkataba gani iliyouondoa uzio. Aliandika kwamba haijui. Daktari Lukasi alimkata alama sita.

Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, simu iliita tena, Tabu akiwa anapepeta mchele. Alikuwa Daktari Lukasi mwenyewe. Alimsalimia, akamuulizia bibi, akasema mwaka huu wanakuja na wanafunzi arobaini, na wangependa sana kuitumia kaya ileile, kwa kuwa ilishazoea.

"Sasa, mama, nilikuwa nauliza. Je, kuna ukiukwaji wowote mpya?"

Tabu alitazama uani kote. Akafikiri kwa uaminifu. "Kwa sasa hakuna, mwalimu. Labda mngesubiri."

"Ni nani?" aliuliza Ayubu kutoka barazani, bila kungoja jibu. "Ni wao? Mwambie waje. Kesi ileile waisikilize upya, ila safari hii hakimu nakaa mimi."

Tabu aliufikisha ujumbe kama ulivyo. Upande wa pili alisikia karatasi zikipekuliwa.

"Mzee Ayubu hajasoma sheria, lakini," alisema Daktari Lukasi taratibu.

"Nadharia hana," alikubali Tabu, akirusha mchele juu na kuudaka. "Vitendo anavyo."